Mtu wa Hadubini Usimfiche

Penina mwanangu,

Salamu siandiki. Asubuhi umeniamkia kwa shikamoo ya puani, nami nikaitikia marahaba ya puani, basi tumeshasalimiana. Hali yangu unaijua. Yako ninaijua, na hiyo ndiyo iliyotugombanisha.

Nakuandikia hapa uani kwa mjomba wako, mtaani Makole, nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, karatasi nimeilaza juu ya sinia. Wewe umekwenda kusukwa ili kesho huko chuoni Mwanza wakuone una kichwa. Karatasi ya kwanza upepo umeninyang'anya, umeirusha juu ya ukuta hadi kwa jirani. Ilikuwa na matusi kidogo, bora imekwenda. Mwandiko wangu usiucheke. Darasa nililosoma ni lile la watu wazima, mama yako nikiwa nimembeba mgongoni, na mwalimu alikuwa akisema herufi zangu ni kama mbuzi wanaokataa kuingia zizini. Zimeingia zilivyoingia. Wewe soma.

Sitakuandikia habari za kula, kufua na wavulana. Hayo nimekuimbia tangu unaota meno. Kama hayakuingia kwa mdomo, kwa kalamu hayataingia.

Nataka lile la asubuhi. Nilikukuta chumbani unatoa vidonge vyako kwenye makopo, unavifunga kwenye soksi. Nikakuuliza, "Soksi imeugua?" Hukucheka. Ukasema, "Bibi, bwenini tutalala wengi. Kopo likicheza begini watauliza ni nini." Nikauliza, "Na kliniki ya huko?" Ukasema, "Sihamii. Nitakuwa nachukulia huku huku Dodoma nikija." Nikauliza, "Na ukiumwa katikati?" Ukasema, "Nitasema tumbo linauma, nitapewa dawa ya tumbo, basi." Halafu ukaniambia neno ambalo tangu asubuhi linatembea kichwani mwangu kama kuku aliyeingia ndani: "Wewe ulinitangaza, bibi. Haneti nzima. Huko niache niwe mtu tu."

Mkono wangu ulinyanyuka, unajua ulikokuwa unakwenda. Ukaishia kwenye kilemba, nikajifanya nakikaza. Babu yako angekuwa hai angesema wake zake wawili wamegombana tena, angechukua fimbo yake akaenda kwenye ng'ombe.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana karatasi haikatizwi.

Nikifumba macho hapa, na huu upepo, naliona lile tembe letu la zamani, kabla mjomba wako hajatujengea nyumba ya bati. Naona lile giza lake la ndani, tamu, lenye harufu ya moshi na ya mifugo, na mwanga unaingia mlangoni kama mtu anayeomba radhi. Naona wewe ukiwa darasa la pili, umelala kwenye ngozi, macho makubwa ya mama yako usoni mwako. Mama yako alikuwa ameshatuacha. Alikuachia macho hayo, na alikuachia na virusi. Hakupenda. Ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu kwa sauti nisikie, mimi nitakujibu kwa niaba yake.

Ulikuwa unakunywa dawa vizuri. Kliniki yako ilikuwa mbali, niliichagua mbali makusudi, ili tusikutane na mtu wa kwetu mlangoni. Nyumbani tulikuwa na saa yetu: mbuzi wakitoka, kidonge, mbuzi wakirudi, kidonge. Ulikuwa na mashavu wewe. Watu walikuwa wanakufinya.

Halafu akaja Roda, bibi yako mdogo, kutoka kwa mumewe huko Kolo. Alikuja baada ya mavuno, akasema anakaa kidogo. Roda unamjua sasa akiwa mzee. Enzi zile mdomo wake ulikuwa na miguu. Ukimpa habari asubuhi, jioni unaikuta mnadani imeshapata wanunuzi. Mimi nikasema moyoni, huyu hatajua. Nikavichukua vidonge vyako, nikalizungushia kopo kitambaa lisilie, nikalifukia kwenye kilindo cha nafaka, mle mle kwenye uwele. Kila nikitaka kukupa, nasubiri Roda atoke. Aende kisimani, aende kuni, aende hata nyuma ya nyumba.

Na Roda mguu ulikuwa unamuuma, Penina. Alikuwa haendi popote.

Anakaa pale mlangoni anapepeta, anaimba, ananisimulia ya Kolo, ya mawifi zake, ya watalii wanaopanda mlima kutazama michoro ya mawe halafu wanashuka wamechoka. Mbuzi wanatoka, yupo. Mbuzi wanarudi, yupo. Na mimi nimekaa juu ya kilindo kama kuku anayeatamia, nacheka masimulizi yake. Siku nyingine ulikunywa. Siku nyingine hukunywa. Mimi nilijiambia kesho utakunywa. Kiburi kina sauti nzuri sana ndani ya kichwa, kinaongea kama mtu mwenye akili.

Ukaanza kuharisha.

Mwanzo nikasema ni maembe. Nikasema ni maziwa. Halafu ikawa maji matupu, asubuhi maji, mchana maji, hata nikajiuliza mtoto mdogo hivi haya maji yote anayatoa wapi, na nchi yetu yenyewe haina maji. Kwetu, mimi nilipougua surua, baba yangu alinipa mbuzi awe wangu, nimtazame nipate hamu ya kupona. Mimi nikaona nimshinde baba. Nikakupa ndama, yule mwenye doa jeupe puani. Ukamwita Sukari. Ndama wetu walikuwa wanalala ndani, huko tembeni, unakumbuka, fisi hawakuwa mchezo. Sukari akawa analala ubavuni kwako, unamshika sikio. Naye alikuwa anaharisha. Nikasema mnapendana hadi mmeugua pamoja. Niliona ni jambo zuri. Nilimwita Roda aje aone.

Nikakupeleka zahanati. Wakanipa kikopo cha choo, nikawaletea. Wakaweka tone kwenye kioo, wakatazama, wakasema, "Hakuna minyoo, hakuna amiba." Yule mama aliyekuwa anaandika tuliimba naye kwaya moja, mimi sauti ya pili, yeye ya kwanza. Akaniuliza, "Mtoto ana tatizo jingine lolote?" Nikamtazama usoni, nikasema, "Hana." Akatupa dawa ya minyoo kwa tahadhari. Minyoo ambayo huna ukainywea dawa. Tukarudi. Tukaenda tena. "Majibu safi, bibi." Neno safi nililipenda sana. Nilitembea nalo njia nzima, wewe mgongoni, mwepesi kama kanga iliyokauka, na nikawa nasema safi, safi, kama vile ni wewe umesifiwa.

Siku zile zimekuwa kwangu kama usingizi wa mchana. Sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka vumbi la kimbunga kidogo likizunguka uani, wewe umelala kivulini unalitazama, unaniambia, "Bibi, mama anafagia." Nakumbuka ukisema kwenye dari kuna mto, na samaki wake wanakuita. Nikikunywesha uji unatoka vile vile ulivyoingia. Roda aliacha kuimba. Siku moja akaniambia, "Dada, huyu mtoto anayeyuka." Roda, mwenye mdomo ule, alisema kwa sauti ndogo, nami nikaogopa kuliko kama angepiga kelele.

Tukaja mjini. Hospitali hiyo hawakutujua, na mimi nilifurahi hawatujui. Unaona nilivyokuwa? Mtoto anakufa mgongoni, mimi nafurahi hatujulikani.

Kikopo kikaenda maabara. Tumekaa kwenye benchi, watu wengi, wewe nimekulaza chini kwenye kitenge. Majibu yakarudi: hakijaonekana kitu. Nikaanza kufunga kitenge changu tuondoke. Ndipo akatoka dada mmoja wa maabara, mnene, ana mwanya, koti lake limebana mikono. Alikuwa amekiona kile kikopo, na sasa alitaka kumwona mwenyewe. Akakutazama chini pale muda mrefu. Halafu akaniuliza mimi.

"Shikamoo bibi. Huyu anaharisha tangu lini?"

"Siku si nyingi," nikasema.

"Mbona mifupa inasema nyingi?"

Nikakasirika. "Wewe daktari au mpima mavi?"

Watu wakacheka. Yeye akacheka zaidi yao. "Mpima mavi, bibi. Ndiyo kazi yangu, na ninaipenda. Anatumia dawa gani?"

"Panadol."

"Na nyingine?"

"Hakuna nyingine."

Na wewe, Penina, uliyekuwa huna nguvu hata ya kumfukuza inzi, ukafungua macho, ukasema, "Natumia vile vya kwenye uwele."

Nilitamani sakafu ya pale iwe mchanga nizame. Yule dada hakushangaa kwa sauti, wala hakunitazama mimi. Alichuchumaa, koti likalia mgongoni, akakuwekea sikio karibu. "Vya kwenye uwele? Vikoje mama?" Ukamwambia vikoje. Ukamwambia na kwamba siku hizi huvinywi kwa sababu bibi mdogo ana mguu. Alikuelewa. Sijui alielewaje, lakini alielewa yote, hadi mguu wa Roda.

Akainuka, akanishika kiwiko, akanipeleka pembeni. Nikajiandaa kutukanwa, nilikuwa nimeshachagua na la kujibu. Hakunitukana. Alisema, "Bibi, tungejua hilo tangu mwanzo tungetafuta kitu kingine. Ngoja nizungumze na daktari."

Alichoniambia baadaye ninakuambia kama nilivyokielewa, nawe una shule, ukinyooshe. Alisema ukipeleka choo, wao hutazama wale wa kawaida, minyoo na mayai yake, amiba na jamaa zake. Hao huonekana vile vile walivyo. Lakini wapo wengine wadogo mno, hawana rangi, ni kama kioo ndani ya maji. Unaweza ukawatazama usiwaone. Mtu mwenye kinga nzuri wakimwingia, anaharisha kidogo, mwili unawafukuza, anaendelea na maisha yake hajui hata walipita. Mtu ambaye kinga yake imeshuka, wanaingia, wanajenga, hawatoki. Kuwaona hao inabidi uwapake rangi. Unapaka nyekundu, kila kitu kinakuwa chekundu. Halafu unaosha kwa asidi, na kila kitu kinaachia wekundu wake, isipokuwa hao. Halafu unapaka buluu. Kila kitu kinakuwa buluu, wao wamebaki na wekundu wao.

Nikamwuliza, "Mbona hamkupaka tangu mwanzo?"

Akasema, "Bibi, foleni umeiona. Tukipaka kila kikopo, hatutatoka humu hadi kiama. Tunapaka tukiambiwa mgonjwa ni nani."

Tukaambiwa tulete kikopo kingine, na siku ya pili yake kingine, maana hao wana siku za kuonekana na siku za kujificha. Na walipoonekana, akaniita nikaone. Nadhani haikuruhusiwa. Akanikalisha kwenye stuli, akaniambia, "Weka jicho hapo." Kwanza nikaona msitu mweusi. Nikasema, "Naona manyoya." Akasema, "Hizo ni kope zako, bibi. Rudi nyuma kidogo." Nikarudi.

Mwanangu, sijui nikuambieje. Ulikuwa ni ubuluu. Sijawahi kuiona bahari ila kwenye kalenda, lakini ule haukuwa wa bahari. Ulikuwa kama anga letu la Haneti mvua ya kwanza ikishapita, limeoshwa, halina mtu. Na ndani yake vile viduara vyekundu, vidogo, vimetulia, kila kimoja na mwanga wake, kama miezi iliyochomoza mingi kwa pamoja. Nilisahau ni mavi ya mjukuu wangu. Nilisahau ni adui. Nikasema, "Ni wazuri." Yule dada akasema, "Ndiyo. Na ndio wanaomuua."

Hadi leo nauota ule ubuluu. Nikilala hata kidogo tu mchana, kama juzi pale kwenye mkeka, najikuta natembea humo pekupeku, ardhi ni buluu na laini kama unga, ile miezi imezagaa chini, nami nakutafuta. Nakuita kwa jina. Na kwenye ndoto huwa nakupata kwa sababu umeitika. Siku usipoitika huwa naamka bado nakuita.

Turudi. Yule dada akaniuliza, "Bibi, mnalala na ng'ombe?"

"Tunalala na ndama. Ni wake mwenyewe, nimempa."

"Ndama anaharisha?"

Nikamjia juu. Nikamwambia sisi tumelala na ndama tangu babu na mababu, na hao waliozaliwa hospitali ndio wanaougua. Akasema, "Na mimi nimelala nao, bibi, mimi mtu wa Mpwapwa. Nimewanyonyesha kidole. Ila mimi kinga yangu ilikuwa imesimama. Ya huyu imekaa chini." Akauliza na maji. Nikamwambia, tunachimba mchangani korongoni, ng'ombe nao wanakunywa hapo hapo. Akasema kile kidonge cha kutibu maji huyu mdudu anakiogelea. Maji yake ni ya kuchemshwa hadi yatokote, basi.

Nikauliza dawa ya kumuua. Daktari ndiye aliyejibu, kijana, anaongea haraka. Akasema dawa ya kumuua hapo hapo ningoje labda wajukuu zako wewe. Dawa yake kubwa ni vile vya kwenye uwele. Vinywewe kila siku, kinga ipande, mwili wenyewe umtoe. Basi tukakaa pale wodini, maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, vidonge kwa saa. Haikuwa haraka. Ulipona kama nyasi zinavyoota kwetu, unatazama hakuna kitu, unatazama hakuna kitu, siku moja unaona ukijani. Siku hiyo uliniambia unataka mlenda. Nikatoka nje nikalilia ukutani, nikarudi nikakuambia hospitali hakuna mlenda, acha kudeka.

Nyumbani nikakitoa kile kilindo nje, nikalichukua lile kopo, nikaliweka kwenye rafu karibu na chumvi. Roda akaliona. "Hizi za nini, dada?"

"Za Penina. Ana virusi vya mama yake. Hizi ndizo zinamweka hai. Una neno?"

"Sina," akasema. Halafu akalia, akaniuliza, "Ulikuwa unangoja mimi nitoke? Mimi na mguu huu?"

Tangu siku hiyo Roda ndiye akawa saa yako. Mbuzi wakionekana tu kule mbali, anapiga ukelele, "Penina! Dawa!" Nami nikaona tumeshinda. Nikaona kama kufichika ndiko kulikotaka kukuua, basi kutangazwa ndiko kutakuponya. Nikaanza kusema. Nikasema kanisani, nikasema kisimani, nikasimama kwenye mkutano wa wazazi shuleni nikasema. Watu wakanipigia makofi. Wakaniita mama jasiri. Nilivimba.

Wewe ulikuwa umekaa dirisha la tatu, darasani kwako, unasikia.

Wapo waliokukumbatia, kweli. Wapo pia waliohamisha vikombe. Yule rafiki yako wa jirani mliyekuwa mnasukana nywele, mama yake alimkataza, na wewe hukuniambia kwa nini anayekusuka siku hizi ni Roda na vidole vyake vile vigumu. Niliona. Nilijifanya nadhani mmegombana. Mimi nilikuwa napigiwa makofi na wewe unasukwa vibaya.

Kwa hiyo ulivyosema asubuhi, ulisema kweli, mtoto mwenye adabu mbovu wewe. Nimelifikiria siku nzima. Mwanzo nilifunga mdomo uliotakiwa kusema, halafu nikaufungua kwa kila mpita njia, na mara zote mbili ulikuwa mdomo wangu na mwili wako. Ile siku ya benchi ndiyo siku pekee aliyesema alikuwa ni wewe, na aliambiwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na rangi.

Basi mimi sikuambii uwaambie wenzako bwenini. Wanyime. Walimu wanyime. Wa kanisani wanyime, wataomba hata bila kujua wanaombea nini. Mchumba akija hilo ni jambo jingine, huyo usimdanganye, lakini kumwambia ni siku yako na maneno yako. Hata vidonge funga kwenye unachotaka, mradi vinaingia tumboni kila siku; mwenye kujua kuficha kopo ni mimi, siwezi kukufundisha kwa fimbo. Lakini kliniki hamia. Dodoma ni mbali na Mwanza, na mvua hukata barabara, na mitihani haingoji, na mimi najua "kesho utakunywa" inavyosikika ikiwa tamu.

Na mtu wa hadubini usimfiche. Si kwa sababu ni mtu mwema. Wengine ni wakali, wengine wamechoka, mwingine atakuuliza huku anatafuna. Mwambie tu. Wewe unajua tumbo linauma. Yeye anajua wapo wasioonekana bila rangi. Asipojua wewe ni nani hataichukua ile chupa nyekundu, ataona maji matupu, atakuandikia safi, nawe utatembea na hiyo safi hadi ukauke. Na huko Mwanza kuna ziwa, na watu wa ziwani wanadhani maji yote ni rafiki. Chemsha.

Nilikuwa nimefika hapo, Rukia akaingia. Huyo rafiki yako mpya, mtoto wa bwana wa ofisini hapo mtaa wa pili, mtakayekaa naye chumba kimoja huko chuoni. Mrefu, anatabasamu kwa meno yote. Akasema saluni mnakaribia kumaliza, umemtuma begi dogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayemkoromea mjukuu wangu usiku?"

"Yeye ndiye anakoroma, bibi. Nimeshamrekodi kwenye simu."

Nikampenda. Akachukua begi, akafika mlangoni, akarudi. Akainama karibu, sauti ndogo.

"Bibi, samahani. Asubuhi nilipita kumwita Penina, nikasikia mnagombana habari za dawa. Anaumwa? Niambie tu, bibi. Mimi ndiye nitakayekuwa naye. Nitamtunza."

Mwanangu, macho yake yalikuwa safi kabisa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, limeshavaa viatu. Nikaona jinsi lingekuwa rahisi. Angekushika mkono, angekukumbusha dawa, nami ningelala usingizi. Nikaona na ule upande mwingine, kikombe kinahamishwa rafu. Sikujua huyu ni wa upande gani. Na hata angekuwa malaika, si mimi wa kumjua kwa niaba yako.

Nikamwambia, "Anaumwa kiburi. Karithi kwangu. Mengine muulize mwenyewe. Akitaka atakuambia, asipotaka usimchokonoe."

Akacheka. "Haya bibi." Akaenda na begi.

Nilibaki hapa na kalamu, nimechoka kama niliyebeba ndoo mbili kutoka korongoni. Sijawahi kunyamaza hivyo. Sasa nimejua kitu ulichokuwa unakidai kina bei gani, nami nimekilipa, leo, jioni hii, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kesho stendi sitasema kitu. Nitakusukumia karanga dirishani, nitakukemea ukae vizuri, nitarudi Haneti. Nitanyamaza likizo, nitanyamaza siku ya kuvikwa joho la mahafali, na Roda nitamziba mwenyewe. Lakini siku utakapokaa kwenye benchi la maabara, tumbo linakukata, na mtu wa koti jeupe akakuuliza unatumia dawa gani, mimi sitakuwepo wa kukujibia uongo, wala wa kukujibia kweli. Atakuwa anakutazama wewe.

Nasikia mnacheka getini. Sauti yako iko juu ya ya Rukia. Umependeza hata kabla sijakuona.

Ni mimi bibi yako, niliyenyamaza.